Jibu: Huber wa "Huber–von Mises" ni nani?

Mkuu, huyo Huber uliyemuona kando ya von Mises, mwanahisabati, kwenye kitabu cha uimara wa vifaa (kanuni yao hutabiri lini chuma kitaanza kuharibika umbo bila kurudi) ni Mpoland, Maksymilian Tytus Huber (1872–1950). Mwaka 1904 aliandika kwenye jarida la wahandisi la Lwów (leo Lviv, Ukraine) kwamba chuma kikibanwa pande zote, kinachokifanya kishindwe kuhimili ni nishati ya kubadilisha umbo, si ya kubadilisha ujazo. Tatizo aliandika Kipolandi. Nje ya kwao nani angesoma? Von Mises akatoa kanuni kama hiyo 1913, jina likamganda yeye. Vita ya Kwanza ikamkuta Huber ngomeni Przemyśl, akatekwa na Warusi. Alifundisha Lwów na Warsaw, kisha baada ya 1945 Gdańsk na Kraków.