Kabla ya Kulipia Chumba Unguja, Uliza Habari za Maji

Mara ya kwanza tulipokwenda Unguja kama familia, yaani mimi, mke wangu, mama yangu mzazi na watoto wetu watatu, nilikuwa nimetumia karibu miezi minne kupanga kila jambo isipokuwa bahari yenyewe. Ilikuwa likizo ya Juni. Tulisafiri kwa basi kutoka Morogoro hadi Dar es Salaam, tukapanda boti, na jioni tukawa Jambiani, katika nyumba ya wageni iliyo hatua chache kutoka ufukweni. Ratiba niliyoiandika kwa mkono wangu ilisema kwamba asubuhi tutaogelea na mchana tutatembea.

Asubuhi ya kwanza tulishuka pwani saa tatu, watoto wamekwisha kuvaa nguo za kuogelea, na maji hayakuwapo. Mbele yetu palikuwa na mchanga, madimbwi na nyasi za bahari, na kwa mbali sana, karibu na mwamba ambako mawimbi yalikuwa yakivunjika, akina mama walikuwa wameinama wakishughulikia mwani wao. Tuliwafuata kwa miguu mitupu, na mtoto wetu mdogo akarudi amebebwa, ameingiwa na mwiba wa kiumbe wa baharini. Mchana gari lilitufikia kama tulivyoagiza, tukaenda msitu wa Jozani kuwatazama kima punju, wale kima wekundu wa Unguja, na tuliporudi saa kumi na mbili maji yalikuwa yamejaa hadi karibu na minazi, lakini jua lilikuwa linazama na watoto wamechoka. Siku ya pili ilikwenda vivyo hivyo. Siku ya tatu bi mkubwa aliyekuwa akitupikia alimwuliza mama yangu, kwa upole kabisa, "Mwenzangu, hawa wajukuu mbona hawendi pwani kukoga?" Mama alipomweleza, alisikitika. "Hii ni bamvua. Maji yanajaa alasiri. Mngeniuliza, ningelikwambieni tangu siku ya kwanza."

Tangu hapo tumerudi Unguja mara nne, na kila safari nimeianza kwa kuuliza habari za upepo na maji kabla ya kuuliza bei ya chumba. Naandika haya kwa sababu ushauri mwingi ninaousoma huanza na hoteli, ukaishia na hoteli, ilhali mtu anayetoka bara na fedha alizoziweka kidogo kidogo kwa mwaka mzima anakwenda kwa ajili ya bahari.

Nianze na maji, kwa kuwa ndiyo yaliyotufundisha. Bahari ya pwani yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa muda wa takriban siku moja, na kila siku saa ya kujaa husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku mbili tatu zinazofuata, huwa ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti kati ya kujaa na kupwa huweza kufika karibu mita 4. Wiki moja baadaye, mwezi ukiwa nusu, huwa ni maji mafu, na tofauti hiyo hupungua mno. Jambo ambalo mgeni haambiwi ni kwamba saa hizi zina mpangilio unaojirudia. Katika bamvua za Unguja maji hujaa kwenye saa kumi alfajiri na tena kwenye saa kumi alasiri, na hupwa kabisa kwenye saa nne asubuhi. Wakati wa maji mafu mambo hugeuka, yakawa yanajaa kwenye saa nne au saa tano asubuhi. Ndiyo maana ratiba yangu ya kuogelea asubuhi ilikuwa mbaya kwa wiki ile, ingawa ingetufaa sana kama tungekwenda siku saba baadaye.

Wenyeji hawahitaji jedwali. Wanajua leo ni tarehe ngapi ya mwezi wa Kiislamu: mwezi mosi na mwezi kumi na tano, yaani tarehe 1 na 15, ni bamvua, mwezi nane na mwezi ishirini na mbili maji yanakufa. Wewe uliye Dodoma au Mwanza unaweza kutazama kalenda yoyote inayoonyesha tarehe za Hijria, au majedwali ya maji kujaa na kupwa yanayopatikana kwenye intaneti, na katika dakika tano ukajua asubuhi zako zitakuwaje. Ikiwa tarehe za likizo haziwezi kubadilika, badilisha ratiba. Wiki ya bamvua si wiki mbaya hata kidogo. Asubuhi ya kupwa ni wakati mzuri wa kutembea juu ya mchanga hadi mashamba ya mwani, mkiwa na viatu vya mpira vinavyobana mguu na mwenyeji anayejua pa kukanyaga, na pia ni wakati mzuri wa kwenda Jozani au mashamba ya viungo. Kuanzia saa nane mchana mnakuwa mmerudi, na bahari inakuja kuwafuata mlangoni.

Upande wa kisiwa nao una maana yake. Habari hii ya maji kukimbia mbali inahusu zaidi pwani ya mashariki, yaani Matemwe, Kiwengwa, Pongwe, Bwejuu, Paje na Jambiani, ambako kuna uwanda mrefu wa maji mafupi kabla ya kufika kwenye mwamba. Nungwi na Kendwa, kaskazini, maji hayaendi mbali, na mtu anaweza kuogelea karibu saa zote. Kwa sababu hiyo watu wengi huambiwa waende Nungwi bila kuulizwa wanasafiri na nani. Mimi nina maoni tofauti kidogo. Ukiwa na watoto wadogo ambao hawajajua kuogelea, pwani ya mashariki wakati maji yamejaa ni salama zaidi kwa macho yangu, kwa kuwa mwamba unayazuia mawimbi makubwa na mtoto anaweza kwenda hatua nyingi maji yakiwa bado kifuani. Kaskazini kina huja mapema. Vijana na watu wazima wanaotaka kuingia majini wakati wowote, na kulitazama jua likizama baharini, ndio wanaofaidi Kendwa. Na ukitaka utulivu karibu na mji, kuna Mangapwani na pwani za kuelekea Bububu, ambazo wageni wengi huzipita tu garini.

Sasa pepo. Kusi, upepo wa kutoka kusini, huanza kuvuma katika mwezi wa Aprili, hupata nguvu Juni, Julai na Agosti, kisha hupungua kuelekea Oktoba. Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, huvuma kuanzia Desemba hadi Machi. Masika hunyesha kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Mei, na katika miezi hiyo bei hushuka sana, lakini hoteli kadhaa hufunga na mvua inaweza kuwaweka ndani siku nzima. Simshauri mtu mwenye siku nne tu kukimbilia bei ya Mei. Vuli ya Novemba ni jambo jingine, kwa kuwa mara nyingi mvua hunyesha kwa muda kisha jua likarudi. Kama ningekuwa huru kuchagua, kila mwaka ningekwenda kati ya katikati ya Septemba na mwisho wa Oktoba: kusi imechoka, bahari imetulia, maji ni safi, na wageni wa Julai na Agosti wamekwisha kurudi makwao. Wenye watoto wa shule hatuna uhuru huo, kwa hiyo huwa tunachagua wiki za mwanzo za Juni, au wiki mbili za kwanza za Desemba kabla bei hazijapandishwa kwa ajili ya Krismasi na mwaka mpya. Tazama pia kama safari yako inaangukia Julai, wakati wa Mwaka Kogwa, sherehe za jadi za mwaka mpya kule Makunduchi, au Februari, wakati wa tamasha la Sauti za Busara, kwa kuwa vyumba vya Mji Mkongwe hujaa mapema.

Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 hivi kila mwaka, kwa hiyo iangalie kabla ya kulipa. Tulikwenda mara moja ndani ya mwezi huo na hatukujuta, kwa sababu jioni za futari ni za kupendeza na watu ni wakarimu, lakini mchana mikahawa mingi ya mitaani hufungwa, na si heshima kula, kunywa au kuvuta sigara hadharani. Ukiwa na watoto wanaotaka kula kila baada ya saa mbili, hakikisha mnapokaa pana jiko. Na katika mwezi wowote, nguo za kuogelea ni za ufukweni. Mkiingia kijijini au sokoni, jifungeni khanga, vaeni shati. Pwani hizi ni uani kwa watu wanaoishi hapo.

Kuhusu usafiri, boti za mwendo kasi kutoka Dar es Salaam huchukua takriban saa mbili. Nunua tiketi kwenye ofisi ya kampuni au kwenye mtandao wake, wala usimpe fedha mtu anayekufuata nje ya bandari, hata akiwa na kitambulisho shingoni. Beba kitambulisho chako cha taifa, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kwa kuwa jina la kila abiria huandikwa. Anayetoka nje ya Tanzania afahamu kwamba tangu Oktoba 2024 Zanzibar inawataka wageni wa kigeni wawe na bima ya safari inayotolewa na shirika la bima la Zanzibar lenyewe, na ni rahisi zaidi kuilipia nyumbani kuliko mbele ya dirisha la uhamiaji.

Hapa naomba nisimame kidogo. Tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikiwa njiani kwenda Pemba, imejaza watu kupita kiasi. Tarehe 18 Julai 2012 MV Skagit, iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam, ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe katika upepo mkali wa kusi. Kuna familia nyingi za pande zote mbili za bahari ambazo zingali zinaomboleza. Kwa hiyo ukiona chombo kimejaa kuliko kawaida, au safari ikiahirishwa kwa sababu ya hali ya hewa, poteza siku moja ya mapumziko bila kunung'unika. Kanuni hiyohiyo inahusu mashua ndogo za kwenda Mnemba, kwenye fungu la mchanga au kisiwa cha Changuu kuwatazama kobe: mwulize nahodha ana jaketi okozi ngapi, uzione kwa macho, na uhakikishe kuna za kimo cha mtoto. Nahodha mzuri hakasirishwi na swali hilo. Kule Kizimkazi, ongeza swali jingine: je, atakaa mbali na pomboo au atawakimbiza? Nimewaona pomboo wakizungukwa na mashua saba, na sikuona raha yoyote ndani yake.

Malazi nitayasema kwa kifupi. Picha za chumba hazitoshi. Omba picha ya ufukwe ulio mbele ya nyumba wakati maji yamekupwa, kisha piga simu na uulize kama bei unayopewa ni ya mkaazi au ya mgeni. Sisi tuliwahi kutuma malipo yote mapema kwa nyumba moja, na tulipofika tukapewa chumba kingine kabisa, kisicho na neti. Tangu siku hiyo hutuma sehemu tu ya malipo. Fedha taslimu zichukuliwe mjini, kwa kuwa huko vijijini mashine za kutolea fedha ni chache na wakala wa simu anaweza kuishiwa.

Mpangilio wa siku nao umetuletea tofauti kubwa. Safari mbili zilizofuata ile ya kwanza tulilala Mji Mkongwe kwanza, tukamalizia pwani, na siku ya kuondoka ikawa ya mbio za alfajiri, kwa sababu kutoka Jambiani au Nungwi hadi bandari ya Malindi ni mwendo wa saa moja na zaidi. Siku hizi tunashuka kwenye boti na kwenda moja kwa moja pwani tukiwa na hamu yetu yote, kisha usiku wa mwisho au siku mbili za mwisho ndizo za mjini. Watoto wanakuwa wamekwisha kushiba bahari na wanakubali kutembea vichochoroni, mama yangu ananunua viungo na vitambaa pale Darajani bila wasiwasi wa kuvizungusha kisiwa kizima, na jioni tunakula urojo na mishikaki Forodhani. Papasi, yaani vijana wanaowafuata wageni mitaani wakiwauzia huduma, watawafuata, lakini jibu la upole lisilobadilika, "Ahsante, kaka, leo hatuhitaji," linatosha.

Kilichobaki ni njia ya kurudi. Dar es Salaam iko kusini ya Unguja, na katika miezi ya Juni hadi Agosti boti inayorudi huyakabili mawimbi ya kusi uso kwa uso, kwa hiyo waliokuja bila kuhisi lolote wanaweza kutapika wakirudi. Kuleni kidogo, mketi chini na nyuma ambako chombo hakirukiruki sana, na dawa ya kichefuchefu imezwe kabla ya kuondoka, si baada ya kuanza kuumwa. Sisi hukata tiketi ya boti ya kwanza ya asubuhi, kabla upepo haujapata nguvu zake za mchana, na kwa kuwa usiku huo tumelala mjini, mama yangu hupata nafasi ya kunywa chai yake polepole kabla hatujashuka bandarini.