Fundi, Tujibu: Umeme na Moshi wa Mashine ya Leza

Swali: Nimeagiza mashine ya kukata kwa leza ya wati 80, ya kutengeneza vibao vya majina na tuzo. Chumba changu cha kazi kina soketi mbili tu. Niandae nini kabla haijafika? (Msomaji wa Kibuye, Kisumu)

Jibu: Hizo wati 80 ni nguvu ya mwale, si umeme utakaolipia. Soma kibandiko cha nyuma ya kila kifaa ujumlishe. Kwa kawaida mashine yenyewe hula karibu wati 700, kipoza maji 500, feni ya moshi 550 na pampu ya hewa 150. Hizo ni 1,900, yaani ampia 8 hivi kwa volti 240. Kwa hesabu soketi moja inatosha, ila mota zinapoanza huvuta mara kadhaa ya hapo, na ekstensheni iliyoviringishwa sakafuni hupata moto. Vuta laini ya peke yake kutoka kwenye sanduku la breka: waya wa milimita mraba 2.5, breka ya ampia 20 aina ya C (isiyoruka mota zinapoanza), na kinga ya umeme unaovuja ya miliampia 30. Kazi hiyo mpe fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati.

Ethi, yaani waya wa usalama unaoingia ardhini, ndiyo wengi huiruka. Bomba la leza huwashwa kwa zaidi ya volti 20,000. Ethi ikikosekana, bodi ya mashine itakutekenya vidole, na kichwa cha leza kitasimama katikati ya kazi kwa sababu kelele ya umeme imeingia kwenye waya wa kompyuta. Watu hubadilisha kompyuta bure. Pima kwa mita: laivu na ethi zisome karibu sawa na laivu na nyutro. Hilo linathibitisha kwamba ethi ipo tu. Ubora wake una kipimo chake, mwambie fundi aje nacho. Akichimbia fimbo mpya ya shaba, aiunganishe na ethi ya sanduku la breka. Fimbo ya mashine pekee, isiyoungana na nyingine, ni hatari radi inapopiga, na huko kwenu radi si mgeni.

Volti zikipanda na kushuka, weka stabilaiza ya kVA 5. Stima ikipotea, zima swichi ya ukutani lakini usiondoke: feni imesimama, na ukingo wa MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi) unaweza kuendelea kufuka. Ikirudi, washa feni kwanza, kisha kipoza maji, leza mwisho.

Swali: Feni yangu inanguruma vizuri lakini moshi unabaki chumbani. Nimetumia paipu ya choo ya inchi 4, mita 7, kona nne. (Msomaji wa Nakuru)

Jibu: Umeinyonga. Mdomo wa feni hizo kwa kawaida ni milimita 150, eneo la sentimita mraba 177. Paipu ya inchi 4 ina 81 tu, chini ya nusu. Tumia bomba laini la mabati la milimita 150, lisizidi mita 5, na kona mbili za taratibu. Lile la mikunjo liwe kipande kifupi tu cha kuungia mashine.

Feni nayo ihamishe iende mwisho wa bomba, karibu na ukuta wa nje. Ikikaa kando ya mashine, husukuma moshi, na kila tundu kwenye maungio linautema chumbani. Ikiwa mwishoni inavuta, na tundu hilohilo linaingiza hewa safi.

Halafu fungua njia ya hewa kuingia. Chumba kilichofungwa madirisha kwa sababu ya vumbi hakina cha kutoa. Tundu la sentimita 30 kwa 20, upande wa pili wa chumba, linatosha. Jaribu leza ikiwa imezimwa: washa dawa ya mbu ya kuchoma, uishike kwenye mwanya wa kifuniko. Moshi wake uingie ndani moja kwa moja. Ukisitasita, chomoa plagi, fungua feni utazame mapanga. MDF huacha utando wa kahawia unaonata kama mafuta ya zamani jikoni. Osha kwa maji ya sabuni, kausha.

(Walio Kisumu: msielekeze mdomo wa bomba ziwani. Upepo wa alasiri utawarudishia moshi, na wavu utazibwa na vijidudu vya ziwani.)

Swali: Naweza kukata ngozi bandia ikiwa feni ni kubwa? (Msomaji wa Kakamega)

Jibu: Ikiwa ni ya PVC (plastiki yenye klorini), hapana, hata kwa feni tatu. Moshi wake una asidi ya klorini inayochoma mapafu na kutia reli kutu. Pima ukiwa nje: pasha waya wa shaba hadi uwe mwekundu, ugusishe kwenye kipande, uurudishe motoni. Mwali wa kijani maana yake kuna klorini, usiikate.