Hesabu mashua kabla ya kodi

Vijana wanaofanyia kazi kampuni za nje huniuliza kila mara: kati ya Lamu na Malindi, wapi rahisi? Wanataka niwatajie kodi ya nyumba, wakati kodi ndiyo ya mwisho kutazama. Nimekaa Lamu mwaka na ushei, sasa niko Malindi, kazi ni ileile: nanukuu mahojiano kwa maandishi kwa mteja wa New York. Malipo hayakubadilika hata senti. Kilichobaki mfukoni mwisho wa mwezi ndicho kilichobadilika.

Anza na saa za mteja. Akiingia ofisini saa tatu asubuhi kwao, huku ni saa kumi jioni. Jumapili ya kwanza ya Novemba wanarudisha saa zao nyuma, sisi hatugusi kitu, na kikao cha saa kumi kinakuwa cha saa kumi na moja mpaka Machi. Mwaka wa kwanza sikulijua hilo. Nilikaa mbele ya skrini saa nzima nikimlaani mtu wa watu kwa kuchelewa.

Haya, lichukue jambo hilo ulipeleke Lamu. Nilipanga Shela, kijiji cha ufuoni nje ya mji wa Lamu, kwa kupenda ufuo, na intaneti ya kuaminika nikaipata mjini. Mchana mashua inajaa, mnachangia nauli, mnafika. Saa nne usiku, ukitoka kazini, huna wa kuchangia naye. Unakodi peke yako, na nahodha anajua fika huna pengine pa kwenda. Kwa miguu ni kama dakika arobaini, lakini maji yakijaa njia ya ufuoni inamezwa, uzunguke kwa juu gizani na kompyuta mgongoni. Mwezi wa pili nikajumlisha zile nauli za usiku nikanyamaza. Nikahamia Mkomani, ndani ya mji wa kale, na tangu hapo nauli yangu ya kila siku ikawa ni kumpisha punda.

Nyumba yenyewe ilinifunza jambo. Kuta za matumbawe na chokaa ni nene, ndani kuna ubaridi, pangaboi moja linatosha. Hapa Malindi chumba changu ni cha matofali chini ya mabati; pangaboi linazunguka tangu saa nne asubuhi na tokeni za umeme zinaisha kabla ya tarehe thelathini. Lakini kuta hizohizo za Mkomani zilizuia mtandao wa simu kama ngome. Kwa hiyo ukienda kuona chumba, nenda saa zako za kazi, keti pale meza itakapokaa, piga simu ya video. Usikubali kuoneshwa mchana tu.

Mimi ni mtu wa Nakuru, na lugha nayo ilikuwa darasa. Wiki ya kwanza Bi mwenye nyumba aliniita kutoka chini, "Ndoo!" Nikashuka na ndoo. Kumbe ni Kiamu, lahaja yao ya Lamu, ananiita njoo nile. Alicheka mpaka akaketi barazani, na mahamri kwa mbaazi nikala bure siku hiyo.

Lamu, karibu kila kisichotoka baharini kimevuka maji kukufikia, na bei inajua hivyo: nyanya, sukumawiki, mtungi wa gesi. Samaki ni nafuu ukimfuata anaposhushwa, ila kusi ikivuma sana wavuvi hawatoki kwa wingi na nafuu hiyo huioni. Chaja yangu iliponifia (chumvi ya bahari haina huruma na vyuma) niliagiza Mombasa. Ikapanda basi mpaka Mokowe, gati la upande wa bara, ikavuka kwa boti. Bei yake ilikuwa ya kawaida. Siku tatu bila kazi ndizo zilizoniumiza. Nunua mbili.

Msikimbilie kusema basi Malindi ndiyo rahisi. Chaja hapa unaifuata kwa tuktuk na kurudi kabla chai haijapoa, sawa, lakini tuktuk hiyohiyo unaipanda kwenda sokoni, benki, kwa fundi, kwa sababu jua la saa saba halitembeleki. Halafu kuna Waitaliano, wamejaza mji kahawa nzuri na aiskrimu, nawe unajikuta unalipia kiti chenye kivuli kila alasiri. Casuarina, eneo la ufuoni hapa Malindi, usiulizie kodi Desemba. Ulizia Mei, mvua ikinyesha na nyumba zikiwa tupu. Lamu vilevile, usifike wiki ya Maulidi ukitafuta chumba.

Jingine: mwambie mteja mapema kuhusu sauti. Kikao cha jioni lazima kikutane na adhana ya magharibi. Zima maikrofoni, subiri. Punda hana ratiba. Mkomani nilifanyia kazi juu ya nyumba, chini ya makuti, ambako mtandao ulishika, na punda wa jirani alipolia mara ya kwanza mteja aliuliza kama kuna mtu anauawa. Kufikia Ramadhani alikuwa akiniuliza hali ya punda kabla ya hali yangu.