Salio peke yake halitoshi: kuthibitisha fedha za viza ya masomo

Mtu akishapata barua ya udahili, swali linalomkosesha usingizi ni moja: kiasi chote hiki nitakitoa wapi? Ni swali zito. Lakini tangu nilipoandaa maombi yangu mwenyewe, na baadaye kukaa mezani na wadogo zangu na marafiki wakiandaa ya kwao, nimeona waliokuwa na fedha za kutosha wakinyimwa viza, na waliojikusanyia kwa tabu wakipewa. Kilichowatofautisha ni karatasi. Afisa anayepitia maombi yako hakujui, hamjui baba yako, na mara nyingi hutapata nafasi ya kumweleza lolote kwa mdomo. Kutoka kwenye karatasi hizo anatakiwa aridhike kwamba fedha zipo kweli, kwamba ni zako au za mtu aliyekubali kukulipia, na kwamba zitakuwepo siku utakapozihitaji.

Anza na kanuni za nchi unayokwenda, na uzisome kwenye tovuti ya serikali ya nchi hiyo. Usitegemee ujumbe uliosambazwa kwenye kikundi cha WhatsApp, kwa sababu viwango hubadilika. Mwaka 2025 peke yake Uingereza ilivibadilisha mara mbili. Mwezi Januari, mwanafunzi alitakiwa kuonyesha pauni 1,483 kwa kila mwezi akisoma London na pauni 1,136 akisoma nje ya London. Kuanzia tarehe 11 Novemba zikawa 1,529 na 1,171. Hesabu haizidi miezi 9, na juu yake unaongeza ada ya mwaka wa kwanza ambayo bado hujalipa. Kanada ilidai dola 10,000 za huko kwa miaka mingi, ikapandisha hadi 20,635 Januari 2024, kisha 22,895 kwa maombi ya kuanzia Septemba 2025. Hicho ni kiasi cha kujikimu kwa mtu mmoja asiyesoma jimbo la Quebec, na ada na nauli ziko pembeni. Ujerumani inataka yuro 11,904 kwa mwaka tangu Septemba 2024. Marekani serikali haijaweka kiasi kimoja kwa wote. Chuo ndicho kinachoandika gharama za mwaka kwenye fomu ya I-20, na hizo ndizo utakazotakiwa kuonyesha kwamba unazimudu.

Kuna fedha ambazo watu huzitafuta kumbe tayari wameshazilipa. Kwa Uingereza, ada uliyotanguliza hupunguzwa kwenye kiasi unachotakiwa kuonyesha, mradi chuo kimeiandika kwenye CAS, ile hati ya udahili yenye namba unayoijaza kwenye maombi, au kimekupa risiti ya malipo hayo. Rafiki yangu mmoja alikuwa anahangaika kuomba ndugu wamwongezee, wakati malipo aliyoyafanya baada ya CAS kutoka yalikuwa hayajaingizwa. Aliandikia barua pepe ofisi ya udahili, wakarekebisha, na pengo likazibika. Kwa hiyo kabla ya kukopa, piga hesabu upya ukiwa na CAS yako mkononi.

Baada ya kiasi, linakuja suala la muda, na hapa Uingereza ni wakali kuliko wengi. Fedha zinatakiwa zikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila salio kushuka chini ya kiwango hata siku moja. Siku ya mwisho ya hizo 28 nayo isiwe imepita zaidi ya siku 31 unapolipia maombi. Hata siku moja. Makato ya mwezi ya kuendesha akaunti, ambayo kwa kawaida huyajali, yanatosha kukuangusha kama uliweka kiasi kamili bila ziada. Fedha ya nchi yako nayo inaweza kushuka thamani wakati wewe unahesabu siku. Uhamiaji wa Uingereza hutumia viwango vya kubadilisha fedha vya tovuti ya OANDA vya siku ya maombi, kwa hiyo salio lililotosha wiki tatu zilizopita laweza kupungua bila wewe kugusa chochote. Mimi niliongeza sehemu ya kumi juu ya kiasi kilichotakiwa, na ndivyo ninavyomshauri kila anayeniuliza. Ziada hiyo ni gharama ndogo ukilinganisha na ada ya maombi usiyorudishiwa na muhula utakaoukosa.

Kanada, ukitumia taarifa za benki, hutaka za miezi minne iliyopita. Maana yake akaunti yako itasomwa mwenendo wake wote, ukurasa kwa ukurasa, na salio la mwisho ni mstari mmoja tu kati ya mingi.

Maombi mengi huangukia kwenye historia ya fedha. Akaunti imekaa miezi mingi ikiingiza na kutoa vijisenti, halafu ghafla, wiki chache kabla ya maombi, linaingia fungu kubwa. Afisa akiona hivyo huwaza kwamba fedha zimeazimwa zionekane, kisha zirudishwe kwa mwenyewe. Na huenda ni fedha zako halali kabisa. Huenda mzee ameuza kiwanja, kaka amekuchangia, au kikundi chenu cha upatu kimekupa zamu yako. Afisa hawezi kuyajua hayo usipomwonyesha.

Njia iliyonisaidia mimi ni hii. Nilichapisha taarifa ya benki ya baba, nikachukua kalamu nyekundu, nikazungushia kila fungu kubwa lililoingia na kuliandikia namba pembeni. Kisha kila namba nikaitafutia karatasi yake. Fedha za kiwanja zilihitaji mkataba wa mauzo na hati ya benki ya siku fedha zilipowekwa, na tarehe za hivyo viwili zilipaswa kukaribiana. Mchango wa kaka ulihitaji barua yake inayosema wazi kwamba ni zawadi na hadai kurudishiwa, pamoja na taarifa ya akaunti yake inayoonyesha kiasi kilekile kikitoka. Mapato ya biashara yalihitaji leseni na risiti za kodi. Mwishoni niliandika barua fupi ya maelezo, kila fungu na aya yake, kwa mtindo huu:

"Tarehe 14 Machi akaunti ilipokea fedha za mauzo ya kiwanja cha baba yangu. Mkataba wa mauzo ni kiambatisho namba 3, na hati ya kuweka fedha benki ni kiambatisho namba 4. Fedha hizi zimetengwa kulipia masomo yangu."

Inatosha. Afisa ana mafaili mengi mbele yake, na anayemrahisishia kazi anasomwa kwa utulivu. Barua za kurasa nne zinazosimulia taabu za familia tangu utotoni zinamlazimu achimbue jibu ambalo angelikuta kwenye mstari wa kwanza. Pia kumbuka kwamba mkataba ulioandikwa kwa Kiswahili utahitaji tafsiri iliyothibitishwa, yenye jina la mfasiri, saini yake, tarehe na mawasiliano yake. Watu hupeleka mkataba wenyewe na kusahau tafsiri, kisha kiambatisho kinahesabiwa kama hakipo.

Kama familia yako hutunza fedha nyumbani, anzeni kuzipeleka benki mapema, kadiri zinavyopatikana. Kama unaomba viza mwakani, anza mwezi huu. Fedha zilizoingia kidogo kidogo kwa mwaka mzima huhitaji maelezo machache sana. Zikiingia zote kwa mkupuo, utazieleza moja baada ya nyingine.

Kuhusu mfadhili, usidhani kila ndugu anakubalika kila mahali. Uingereza inakubali fedha zilizo kwenye akaunti yako mwenyewe au ya mzazi au mlezi wako wa kisheria. Za mzazi zinahitaji cheti chako cha kuzaliwa na barua yake ya kukubali. Mjomba, shangazi, kaka au dada, hata awe tajiri namna gani, akaunti yake haihesabiwi. Anayetaka kukusaidia akuhamishie fedha kwenye akaunti yako kabla hujaanza kuhesabu zile siku 28, na aandike barua ya zawadi. Ukienda Marekani au Kanada, ndugu mwingine anaweza kukufadhili, ila utaulizwa uhusiano wenu na sababu ya yeye kubeba mzigo huo. Hapo salio lake peke yake halimalizi mjadala. Afisa hutazama kipato chake, watu wanaomtegemea na kazi yake. Mjomba mwenye salio nono asiye na hati ya mshahara wala ya biashara huongeza maswali. Mjomba mwenye mshahara wa kawaida unaoingia kila mwezi, anayeonekana amekuwa akiweka akiba, humpa afisa kitu cha kushika.

Ujerumani wamelitatua suala hili kwa njia ninayoiona ya haki zaidi kwa mwombaji. Unafungua akaunti iliyofungiwa, wanaiita Sperrkonto, unaweka fedha za mwaka mzima, na ukifika unaruhusiwa kutoa yuro 992 kila mwezi. Hakuna kubahatisha afisa atasomaje taarifa ya baba yako. Ugumu ni kwamba fedha zote lazima ziwepo mwanzoni. Asiyeziweza anaweza kutumia barua ya ufadhili wa masomo, au mtu anayeishi Ujerumani ambaye mamlaka za huko zimepokea ahadi yake rasmi ya kubeba gharama zako.

Vitu visivyohesabiwa vinaumiza wengi. Kwa Uingereza, hisa, hati fungani, mafao ya uzeeni na ruhusa ya benki ya kutoa zaidi ya salio havikubaliki kama uthibitisho wa fedha. Thamani ya nyumba na gari nayo si fedha unayoweza kuitoa kesho ukalipia chumba. Kwenye nchi nyingine hati za mali zinaweza kusaidia kuonyesha kwamba familia ina uwezo na kwamba una cha kurudia nyumbani. Ziweke nyuma ya taarifa za benki, zisichukue nafasi yake. Kwa anayekwenda kwa ufadhili, barua iseme kiasi, muda, na inagharamia nini. Barua inayosema tu kwamba "mwanafunzi atafadhiliwa" haitoshi.

Usiondoke benki kabla hujasoma barua waliyokupa. Isome palepale dirishani, polepole. Linganisha jina na pasipoti herufi kwa herufi. Angalia namba ya akaunti, aina ya fedha, tarehe, saini na mhuri. Barua ya kwanza niliyopewa ilikuwa imeacha jina la kati la baba, wakati cheti changu cha kuzaliwa kinalo. Kwa mtu anayeifahamu familia hilo si kitu, lakini kwa afisa aliye mbali hao ni watu wawili. Nilisubiri ikachapwa upya. Mhudumu alichukia kidogo, na sikuona ubaya kumsubirisha.

Sasa kuhusu vishoka. Watakuja, au utawatafuta wewe ukiwa umechoka. Watakwambia wanaweza kukukodishia salio kwa mwezi mmoja, au kukutengenezea taarifa ya benki isiyo na tofauti na halisi. Tafadhali wakatae. Maafisa huwasiliana na benki moja kwa moja, na benki hujibu. Ukikutwa na hati ya kughushi, hasara haiishii kwenye viza hiyo. Uingereza inaweza kukataa maombi yako kwa miaka 10, Kanada inakufungia miaka 5, na Marekani udanganyifu kwenye maombi hukufungia mlango maisha yako yote isipokuwa upewe msamaha maalumu. Kijana wa miaka 20 hapaswi kuubeba mzigo huo kwa sababu ya muhula mmoja. Kama fedha hazijatimia, andikia chuo uombe kuahirisha udahili. Vyuo vingi hukubali kukusogeza muhula ujao au mwaka ujao, na huo ndio muda wa kudunduliza.

Kwa wanaokwenda Marekani, jiandae kusema. Kwenye dirisha la usaili afisa anaweza asifungue faili lako kabisa. Atakuuliza nani anakulipia, anafanya kazi gani, anapata kiasi gani kwa mwaka. Majibu yawe kichwani na yafanane na uliyojaza kwenye DS-160, ile fomu ya maombi ya viza, na yaliyomo kwenye I-20. Nilimfanyisha mdogo wangu zoezi hili jikoni, yeye amesimama, mimi namuuliza bila mpangilio, hadi akawa anajibu kwa sentensi moja bila kutazama karatasi. "Baba, ni mhasibu, amekuwa akiweka akiba tangu nianze sekondari." Hilo ni jibu. Ukianza na "kwa kweli familia yetu…" utakuwa umetumia nusu ya dakika chache ulizonazo.

Ukishatuma maombi, acha fedha zikae. Hata pale kanuni inapohesabu siku za kabla ya maombi tu, ukaguzi unaweza kufanyika baadaye, na akaunti iliyokaushwa siku ya pili huleta mashaka ambayo hukuyahitaji. Viza ikitoka, chukua nakala za taarifa za benki, barua ya mfadhili na stakabadhi za ada, uzitie kwenye mkoba wa mkononi na si kwenye sanduku linalokwenda chini ya ndege, kwa sababu afisa wa mpakani ana haki ya kukuuliza yaleyale kabla hujalifikia sanduku lako.