Kuweka marumaru nyumbani bila kumaliza akiba

Sisi tunaojenga kidogo kidogo, msingi mwaka huu, bati mwakani, hufika kwenye marumaru mfuko ukiwa umeshatoboka. Ndipo mtu anaingia duka la vifaa vya ujenzi na kuuliza swali moja tu: boksi la bei ya chini kabisa ni lipi? Nimejenga huku pembezoni mwa Dar es Salaam, nimesimamia mafundi kwangu na kwa ndugu zangu, na ninaamini kwa dhati kwamba bei ya boksi ni mwanzo tu wa hesabu. Pesa nyingi huokolewa kabla hujafika dukani, ukiwa na futi ya kupimia na karatasi.

Anza na sakafu yenyewe. Kama unajua kwamba siku moja utaweka marumaru, usikubali jamvi, yaani zege la sakafu, lipigwe niru, ule uji wa saruji unaosuguliwa juu mpaka ung'ae. Niru inapendeza, unahamia haraka, lakini ni laini mno, na udongo wa saruji, yaani mchanga na saruji iliyokorogwa, hauishiki. Siku ya marumaru ikifika utalipa kibarua aigonge yote kwa tindo mpaka iwe na makovu, kisha umlipe fundi kwa kazi yake. Jamvi liache na mikwaruzo ya ubao. Na milango isipachikwe ikigusa jamvi, kwa sababu marumaru na udongo wake vitapandisha sakafu kwa sentimita 4 au 5, na fundi seremala atarudi kukata milango yote kwa gharama yako.

Kisha pima chumba na uchore. Chukua chumba cha kulala cha mita 3 kwa 3.5. Lipu ikishapigwa, upana unabaki kama sentimita 297. Kwa marumaru za 40 kwa 40, saba nzima zinakula sentimita 280, nafasi za grauti, ile saruji laini ya kujazia katikati ya marumaru, zinachukua moja na kidogo, unabaki na uwazi wa sentimita 15 na ushee. Marumaru moja inatoa vipande viwili vya namna hiyo, kwa hiyo kila mstari unakula marumaru saba na nusu. Fundi anayependa urembo atataka aanze katikati ya chumba ili vipande vya kushoto na kulia vilingane. Hapo marumaru nzima zinabaki sita, anakata kipande cha karibu sentimita 28 huku na kingine kule, na kila kimoja kinataka marumaru yake. Mstari unapanda hadi marumaru nane. Kwa mistari tisa ya chumba hicho, unaongeza marumaru nne hivi. Kwa vyumba vitatu, unaweza kuongeza boksi zima. Sebuleni mwache aanze katikati, wageni wanaona. Chumbani, upande wa vipande vidogo uende chini ya kabati.

Mabaki ya kukata yasitupwe. Yenye upana wa sentimita 8 hadi 10 yanatosha kuzungushia ile kanda ya chini ya ukuta, ambayo dukani ungeinunua peke yake. Mwambie fundi mapema, kwa maana wengi wakishaanza kazi huvunja mabaki na kuyatumia kujazia mashimo nje.

Marumaru za kulazwa mshazari ni nzuri, ila zinapoteza vipande vingi kwenye kingo zote nne. Kwa mistari iliyonyooka huwa naongeza asilimia 10 juu ya eneo nililopima. Kwa mshazari ni 15 au zaidi. Mwenye fedha kidogo alaze mistari iliyonyooka.

Kuhusu kuchagua: tangu tupate viwanda vya marumaru hapa hapa Mkoa wa Pwani, Mkuranga na Chalinze, hakuna sababu ya kujitesa na za kutoka mbali. Angalia ukubwa kwa makini zaidi ya nchi zilikotoka. Zile kubwa za 60 kwa 60 zinataka sakafu iliyonyooka sana, na kwenye chumba kidogo kila kona inakula kipande kikubwa. Za 40 zinasamehe zaidi. Maduka mengi pia huwa na boksi za mwisho za aina iliyokwisha, na mwenye duka anataka nafasi tu. Uliza waziwazi. Boksi mbili au tatu zinatosha choo au stoo. Lakini soma namba zilizopigwa ubavuni mwa kila boksi: toleo na rangi zifanane. Marumaru za jina moja zenye namba tofauti zinaweza kupishana rangi, na hilo huonekana siku jua linapoingia dirishani.

Ukutani ndipo watu wengi wanapotupa fedha. Sioni haja ya kupandisha marumaru mpaka darini kwenye choo kizima. Panapooga mtu, panda mita 1.8 hivi, kuta nyingine ziishie mita 1.2, juu yake rangi ya mafuta. Jikoni, ukanda wa nyuma ya meza ya kupikia unatosha: mistari miwili ya marumaru za 25 kwa 40, zikilazwa, inakupa sentimita 50 bila kukata hata moja kwa urefu. Ukuta uliobaki hauguswi na mafuta.

Chooni nasisitiza zaidi, kwa sababu huko ndiko watu wanakoanguka. Sakafu iwe na marumaru zisizong'aa, ndogo, za 30 kwa 30, zinazofuata mteremko kirahisi. Maji yakimbilie tundu kwa kushuka sentimita 1 hadi 2 kila mita. Mwaga ndoo ya maji kabla grauti haijawekwa, utazame kama kuna dimbwi. Na jua kwamba marumaru peke yake haizuii maji kupenya. Grauti inapitisha unyevu, kwa hiyo chini yake lazima pawe na dawa ya kuzuia maji au lipu nzito yenye dawa hiyo. Hapa usipunguze chochote.

Kuna mahali pamoja ambapo kila mtu anashawishika kubana, nako ni udongo wa kubandikia. Jirani yangu alikubali fundi abandike kwa madonge matano, manne pembeni na moja katikati, ili saruji isiishe. Baada ya muda si mrefu mguu wa kitanda ukapasua moja, mtungi wa gesi ukapasua nyingine, na kwenye nyufa sisimizi wakahamia. Sakafu ikiwa na mabonde, tumia mchanga safi na saruji, ndoo nne kwa moja, udongo usiwe na maji mengi, upakwe uji wa saruji mgongoni mwa marumaru. Ukuta wenye lipu iliyonyooka, tumia gundi ya mfuko na mwiko wa meno. Bei yake ni ya juu, lakini safu yake ni nyembamba, na mfuko wa kilo 20 unafunika kama mita 4 za mraba. Marumaru za ukutani zinazokunywa maji, ukizibandika kwa saruji, ziloweke kwanza mpaka mapovu yaishe, la sivyo zitanyonya maji ya saruji kabla haijashika.

Uache pia nafasi ya milimita 5 hivi kati ya marumaru na ukuta kila upande. Haitaonekana, kanda ya chini inaifunika. Zikibanwa kabisa, joto likizitanua zinaweza kuinuka katikati ya sebule na kupasuka kwa kishindo.

Kwa baraza na njia ya uani, nunua vipande vilivyovunjika kwa gunia. Vinataka uvumilivu wa kuvipanga na kusawazisha kingo, lakini vikiwekwa kwenye udongo wa saruji ukiwa mbichi na kugongwa kwa ubao vikawa sawa, vinadumu. Sehemu wanapokimbia watoto pekupeku, kila ncha isuguliwe.

Malipo ya fundi yawe kwa mita ya mraba, mpime pamoja, na kipimo kiandikwe. Ukilipa kwa siku, siku zinaongezeka. Ukilipa kwa jumla, kona za nyuma ya mlango ndizo zitakazoumia. Bakiza sehemu ya fedha mpaka ukaguzi. Siku ya pili baada ya kubandika, kabla ya grauti, chukua sarafu na chaki, piga kila marumaru kwenye kona nne na katikati. Inayolia kama mtungi mtupu iwekee alama. Fundi aing'oe na kuijaza upya wakati huo huo, maana grauti ikishakauka, kuitoa moja bila kuvunja za jirani ni kazi kubwa.