Mshale Mmoja Si Ushahidi

Nimevuka miaka 75, na katika umri huo nimefanya kazi mbili ambazo watu huziona kuwa hazina undugu: nilirusha ndege za jeshi, kisha nikafundisha elektroniki kwa muda mrefu kuliko nilivyovaa sare. Wanaonitembelea barazani hapa Tudor, Mombasa, huja na maswali ya aina mbili. Kijana anayesomea ufundi hutaka kujua atakuwaje fundi wa kutegemewa, na askari anayekaribia kustaafu hutaka kujua maisha ya uraiani huanzwa vipi. Nimeamua kuandika kwa sababu nimejigundua kwamba nawajibu wote jambo lile lile, nalo nilijifunza juu ya bahari, kati ya Lamu na Mombasa, nikiwa kijana niliyedhani kwamba kusoma vyombo ni kujua kilichoandikwa juu yavyo.

Mimi ni mzaliwa wa Kibokoni, mtaa wa Mji wa Kale wa Mombasa. Nilisomea umeme kwenye chuo cha hapa Tudor ambacho wazee wetu hawakuacha kukiita MIOME, yaani Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa kwa kifupi chake cha Kiingereza, ingawa jina hilo la mwaka wa 1948 lilikuwa limekwisha kubadilishwa mwaka wa 1966 na kuwa Taasisi ya Ufundi ya Mombasa. Baadaye kikawa politekniki, na tangu mwaka wa 2013 ni chuo kikuu kamili. Kutoka hapo nilijiunga na Jeshi la Wanahewa la Kenya, ambalo lilikuwa changa bado, kwa kuwa liliundwa tarehe 1 Juni 1964. Nilifundishwa kuruka kwa Chipmunk, ndege ndogo yenye viti viwili, mkufunzi akiwa nyuma yako ili usimwone usoni anapokunja ndita, kisha nikapelekwa kwenye Beaver, na hatimaye kwenye Caribou, ndege ya mizigo ya injini 2 iliyoweza kubeba askari 32 na kutua penye kiwanja kifupi cha mchanga. Mama yangu alikuwa akiwaambia majirani kwamba mwanawe ni dereva wa lori la angani, na kusema kweli hakukosea.

Siku ninayoitaja tuliondoka Manda, kwenye uwanja wa ndege wa Lamu, mwezi wa Juni, kusi ikivuma na mawingu yakiwa yameshuka chini. Nahodha wangu, ambaye sote tulimwita Afande hata nje ya kazi, aliniachia usukani. Tulikuwa na chombo kiitwacho ADF, ambacho mshale wake huelekea kwenye kituo cha redio kilichoko ardhini, ukaufuata hadi ukafika. Upepo wa kusi ulitoka kushoto, upande wa bahari, ukitusukuma kuelekea bara, kwa hiyo nililaza pua ya ndege kushoto kidogo kuufidia. Kila nilipoutazama mshale niliona kana kwamba tumekaribia mno ufuo, nami nikazidi kwenda kushoto. Nilijiona hodari.

Afande hakunigombeza. Aliniuliza saa inasema nini. Kisha akaniuliza dira inasema nini, na mwisho akaniuliza swali lililonichoma, kama nimewahi kutazama nje. Tuliposhuka chini ya wingu, hapakuwa na ule mstari mweupe wa mawimbi yanayovunjika kwenye mwamba, ambao mtoto yeyote wa pwani angeutarajia upande wa kulia. Palikuwa na maji matupu ya buluu iliyokoza. Aligeuza kulia bila kusema neno, na baada ya dakika kadhaa tukaona bahari imebadilika rangi na kuwa kama chai ya maziwa. Yalikuwa matope ya mto Sabaki yakimwagika baharini kaskazini ya Malindi. Hapo ndipo tulipojua tulipo, na tulijua kwa sababu ya mto wala si kwa sababu ya chombo chochote kilichokuwa mbele yetu.

Mshale ule haukuwa mbovu. Mawimbi ya redio ya masafa hayo ya chini hayasafiri kwa namna moja juu ya nchi kavu na juu ya maji ya chumvi. Yanapovuka ufuo hupinda, na hupinda zaidi yanapouvuka kwa mshazari, jambo ambalo ndilo linalotokea unaporuka sambamba na pwani. Aliye juu ya bahari huonekana kuwa karibu na ufuo kuliko alivyo kweli. Usiku kosa jingine huongezeka, kwa kuwa mawimbi hurudishwa kutoka tabaka za juu za anga na mshale ukawa unayumba, na penye dhoruba ya radi mshale huo huo waweza kuacha kituo chako ukaelekea kwenye radi. Mafunzo haya yote nilikuwa nimeyafanyia mtihani na kuyafaulu. Tatizo ni kwamba sikuwa nimeyaweka mahali ambapo mkono wangu ungeyafikia.

Ushauri wangu wa kwanza, basi, ambao kwa kweli ndio huo mmoja, ni huu: kila jambo lenye madhara ukikosea, litafutie shahidi wa pili, na uhakikishe kwamba mashahidi hao wawili hawali chungu kimoja. Vyombo viwili vinavyotegemea antena moja ni chombo kimoja. Saa haijui redio ni nini, na mto Sabaki haujui saa ni nini, ndiyo maana ushahidi wao ukikutana una nguvu.

Nilivua sare mwaka wa 1980. Sikufukuzwa wala sikuchoka; nilipimwa masikio, na mchoro wa kipimo ukaonyesha bonde lililozama karibu na hezi 4000, penye sauti nyembamba, alama inayojulikana sana kwa watu walioishi karibu na injini. Miaka miwili baadaye, tarehe 1 Agosti 1982, baadhi ya wanahewa wakajaribu kuipindua serikali, yakatokea yaliyotokea, jeshi letu likavunjwa na kuundwa upya kwa jina la Jeshi la Wanahewa la '82, jina lililodumu hadi mwaka wa 1994. Yaliyowapata wenzangu wa kambini si ya makala haya. Nayataja kwa sababu kila mara mtu anaponipa pole kwa kupoteza kazi yangu ya urubani mapema, mimi hunyamaza.

Kwa wale wanaokaribia kustaafu, nitakiri kosa langu ili msilirudie. Kiinua mgongo changu nilikitia kwenye matatu. Nilikuwa nimekwisha kujifunza somo la mshale mmoja angani, lakini nilipogusa ardhi nikalisahau, maana habari zote za gari lile, yaani bei yake, hali ya injini yake na faida ya njia yake, nilizipata kwa mtu mmoja, naye alikuwa dalali. Sikumwita fundi mwingine alikague, sikukaa stejini hata asubuhi moja kuhesabu abiria. Rubani anayekagua ndege kwa orodha kila siku, akizunguka na kugusa kila kifuniko kwa mkono, alinunua gari kwa kuambiwa. Lilikufa kabla ya mwaka kwisha, na ndipo nilipotafuta kazi ya kufundisha, kwa hiyo huenda nina deni la shukrani kwa dalali yule, ingawa sijamlipa wala sitamlipa.

Jambo jingine linalowashinda wastaafu ni cheo. Ilinibidi nirudi darasani kujifunza elektroniki upya, kwa sababu niliyoyajua yalikuwa ya umeme wa majumbani na ya redio za zamani, nikakaa dawati moja na vijana wa miaka 19, nikifundishwa na mwalimu aliyekuwa mdogo kwangu. Siku za kwanza nilikuwa nikingoja aniite Kapteni. Aliniita mwanafunzi wa safu ya nyuma. Jogoo la shamba haliwiki mjini, na jogoo la angani pia lina mahali pake pa kunyamaza. Ukiweza kuuvumilia mwezi wa kwanza, mingine haiumi.

Sasa nije kwa vijana wa ufundi, ambao ndio hasa niliokaa nao. Nimefundisha katika chuo kimoja cha ufundi cha mji huu, kisha katika karakana yangu mwenyewe, na somo langu la kwanza halihusu kulehemu. Humpa kila mwanafunzi mita ya kupimia umeme na betri mpya ya volti 9, nikamwambia aipime betri kabla ya kupima kitu kingine chochote. Wengi huona ni mchezo wa kitoto. Wajuao zaidi hukasirika.

Sababu yake ni mwanafunzi wangu wa miaka mingi iliyopita, kijana mpole na mwenye akili, aliyepelekwa kubadilisha soketi katika nyumba ya watu. Alizima swichi aliyoambiwa ndiyo yenyewe, akaweka ncha za mita, mita ikasoma sifuri, akashika waya. Swichi haikuwa yenyewe, na waya mmoja wa mita ulikuwa umekatika ndani ya ganda lake, mahali pasipoonekana. Volti 240 zilimrusha akaangukia kabati. Alipona, alhamdulilahi, na leo ana watoto, ila kiganja chake bado kina kovu. Tangu siku ile nawaambia wanafunzi kwamba sifuri ya mita ina maana mbili: hakuna umeme, au mita haiuoni umeme uliopo, na mita yenyewe haiwezi kukuambia ni ipi kati ya hizo mbili.

Utaratibu unaostahili ni wa hatua tatu, na hauchukui hata dakika moja. Unapima kwanza mahali unapojua kwamba pana umeme, ili mita ithibitishe kwamba inaona. Kisha unapima waya unaotaka kuushika. Kisha unarudi kupima pale pa kwanza, ili ujue kwamba mita haikufa katikati ya safari. Kwa umeme wa nyumba, mahali hapo pa kujulikana pawe soketi nyingine inayofanya kazi, kwa sababu betri ya volti 9 inathibitisha waya za mita lakini haithibitishi upande wa mita unaopima umeme wa ukutani. Hatua ya tatu ndiyo inayorukwa na kila mtu. Mimi pia niliwahi kuiruka, sitadanganya.

Hata mita nzima huweza kupotosha. Mita nyingi za namba, betri yake inapodhoofika, huanza kusoma volti zaidi ya zilizopo, na fundi asiyejua hilo hubadilisha kifaa kizima kilichokuwa hakina kosa, mwenye redio akalipa. Hapa Mombasa tuna adui wa ziada, nayo ni chumvi. Bodi zinazoletwa kutoka nyumba za Likoni na Nyali zinazotazama bahari huwa na ukungu wa kijani kwenye njia za shaba, na unyevu ukikaa juu ya chumvi hiyo umeme hupita pasipopaswa. Asubuhi yenye umande kifaa kinakataa, saa sita mchana jua likiwaka kinakubali, na mteja anaapa kwamba kina jini. Kisafishe kwa spiriti na brashi laini, kikaushe, ukipake vanishi ya bodi, ndipo uanze kutafuta ubovu. Zikague pia kapasita zenye majimaji ndani, maana joto huzikausha, na kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 za ziada huzipunguzia umri kwa nusu. Televisheni iliyowekwa chini ya paa la mabati haiishi sawa na ya nyumba yenye madirisha makubwa.

Andika. Rubani huandika kila safari katika daftari lake, na mimi sikuacha, nikaandika kila bodi iliyopita mikononi mwangu: ilikuja na dalili gani, nilipima wapi, nilipata volti ngapi, kosa likawa nini. Daftari ni shahidi wa pili dhidi ya kumbukumbu, ambayo ni chombo kinachopinda kuliko ADF.

Uzee nao umenirudisha kwenye vyombo. Mwaka fulani zahanati moja ilinipima shinikizo la damu nikiwa nimetoka kupanda ngazi, kwa mkanda mwembamba uliobana mkono wangu mnene, nikaambiwa dozi iongezwe. Sikubishana, kwa sababu kumbishia muuguzi si adabu na kuacha dawa kwa uamuzi wako mwenyewe ni hatari. Niliomba tu nikae dakika 5 bila kuzungumza, nipimwe kwa mkanda mpana, kisha nikapima nyumbani asubuhi na jioni kwa wiki nzima, nikaandika, nikampelekea daktari daftari. Mkanda mdogo husoma juu kuliko ukweli. Daktari alilisoma ukurasa baada ya ukurasa, akaiacha dozi ilivyokuwa. Kuhusu masikio, shahidi wangu ni mke wangu. Kifaa cha masikioni kinapoishiwa nguvu mimi hudhani watu wamepunguza kelele, naye ndiye huniambia kwamba muadhini amekwisha kuadhini.

Betri yangu ya volti 9 bado huibeba mfukoni, na wajukuu hunicheka kwamba hata kwenye harusi babu anakwenda amejihami. Mwaka jana, kwenye harusi moja Kibokoni, vipaza sauti vilinyamaza katikati ya taarabu. Fundi wa muziki akapima waya wa umeme uliotoka nyumbani kwa bibi harusi, akatangaza kwamba hakuna umeme, na wazee wakaanza kuuliza kuhusu jenereta. Nilimsogelea nikampa betri. Aliipima, mita ikasoma sifuri, akanitazama, akaigeuza mita na kuanza kutafuta waya uliokatika.