Ukirekebisha kigari cha Muingereza ukiwa Marekani, jua kwanza majina ya vipuri

Mimi nina Bond Minicar Mark C, kigari cha matairi matatu kilichoundwa Preston, Uingereza, miaka ya 50. Injini ni Villiers ya cc 197, imefungwa kwenye tairi la mbele na ukikata usukani inageuka pamoja nalo, yani ukikata mpaka mwisho gari linajizungusha palepale, ndo maana halina rivasi wala haliihitaji. Nakipenda sana.

Kitabu chake cha ufundi nilikisoma kama niko gereji ya nyumbani Morogoro, bonnet, boot, spanner, petrol, si ndo boneti, buti, spana na petroli zetu hizi? Shida ilianza kwenye kuagiza vipuri. Hapa Ohio boneti wanaita "hood", buti ni "trunk", madigadi ambayo Muingereza anaita "wing" wao ni "fender". Sasa mimi nishazoea ya hapa, nikamwandikia muuzaji wa Uingereza nataka hood, nikalipa na usafiri, boksi linafika nafungua nakuta turubai la kufunika juu! Na hakukosea, kwa Muingereza hood ndo hiyo. Tangu hapo natuma picha na naeleza kipuri kinafanya kazi gani, jina linafuata baadae. Pini ya pistoni kwa mfano, Muingereza ni "gudgeon pin", Mmarekani "wrist pin", ukitaja moja dukani kwa mwingine wanakushangaa tu.

Spana nazo jamani. Bolti nyingi za kigari hiki ni za Whitworth, vipimo vya zamani vya Uingereza, na spana yake inaandikwa kwa unene wa bolti, wakati ya Kimarekani inaandikwa kwa upana wa kichwa cha nati. Namba ileile, spana tofauti kabisa. Usilazimishe, itakula kona za nati na nati za zamani hazipatikani kirahisi, nunua seti ya Whitworth hata kama ni used.

La mwisho ni oili, maana injini hii ni tu-stroki, oili unachanganya na petroli. Galoni ya Uingereza ni lita 4.546, ya Marekani 3.785, painti nayo ml 568 kwa 473. Ukipima petroli kwa galoni ya kule na oili kwa painti ya huku, oili inapungua na injini inaweza kunoki. Mimi napima vyote kwa lita, na uwiano nimeuandika kwa maka pen kwenye dumu lenyewe.